Shemeji amekipapasa kijiti, anataka kitoke

Shikamoo Mama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala Charambe, asubuhi nauza vitumbua. Safu yako naisoma kila wiki, na leo nimeona niandike maana usiku silali.

Nina mdogo wangu, tumbo moja, ana miaka 27. Ameolewa kijiji kimoja kwenye delta ya Rufiji, upande wa Kibiti. Ukishuka basi unapanda bodaboda, kisha mtumbwi, na maji yakiwa yamekupwa unavua ndala unakanyaga tope. Mumewe anavua kamba na wana shamba la mpunga. Si mtu mbaya, nasema kweli ya Mungu. Mdogo wangu amezaa mara tano, walio hai ni wanne. Wa tatu alifariki kwa homa akiwa na mwaka na nusu. Wa kwanza alimzaa akiwa na miaka 17.

Baada ya mtoto wa nne alianza sindano za uzazi wa mpango bila mumewe kujua. Kila baada ya miezi 3 anaaga kwamba anampeleka mtoto kliniki kupima uzito, kumbe anafuata sindano. Zahanati iko mwendo wa saa mbili kwa mguu. Mara mbili alifika akaambiwa sindano zimeisha, aje wiki ijayo. Mara nyingine mhudumu akamuuliza mbele ya foleni nzima, "Mumeo anajua?" Akaona aibu, akambeba mwanawe akarudi bila kuchomwa. Halafu yakaja yale mafuriko ya Aprili 2024. Njia zilikatika, mpunga ukasombwa, siku yake ya sindano ikapita. Alipokuja kushtuka ana mimba ya miezi miwili.

Alijifungua Machi 2025. Baada ya arobaini mumewe akamruhusu aje kwangu kupumzika. Mama, ungemwona. Amekonda, viganja vyeupe, akisimama anashika ukuta. Nikasema huyu tutamzika. Kesho yake asubuhi nikampeleka kituo cha afya cha serikali hapa hapa Mbagala, wakamwekea kijiti cha kuzuia mimba, cha miaka 3, mkono wa kushoto. Hatukutoa hata shilingi. Nikamwambia asimwambie mumewe, na akiwa nyumbani avae nguo ya mikono.

Tatizo likaanza mwezi wa tatu baada ya kuwekewa. Damu. Si nyingi, ni matone, lakini hayakatiki. Siku 10 yanatoka, siku 3 yanakata, yanarudi. Haswali, mumewe hamkaribii, na mumewe akaanza kuuliza ni ugonjwa gani huu. Mwezi uliopita mtoto akashikwa na homa na kuharisha, mama mkwe akasema mtoto amebemendwa. Ugomvi ukawaka, mumewe akamshika mkono, akakipapasa kijiti. Hakumpiga. Alitoka akakaa barazani mpaka alfajiri. Kulipokucha akasema, "Wewe na dada yako mmenifanya mjinga. Hicho kitu kitoke kabla mwezi haujaandama, la sivyo nakurudisha kwenu."

Wameenda zahanati, wameambiwa anayejua kutoa kahamishwa, waende hospitali ya wilaya. Nauli ya kwenda na kurudi hawana. Sasa kuna mtu pale kijijini, anatibu watu kwa mitishamba, amesema atakitoa kwa wembe kwa shilingi 5,000. Mdogo wangu ananipigia analia, anataka kukubali yaishe.

Mimi nimemwambia asithubutu kukitoa. Shemeji alinipigia, nikamjibu kwa hasira: "Wewe unazaa kwa mdomo, anayebeba tumbo ni mwenzio." Akakata simu, mpaka leo hapokei. Mama yetu mzazi ananilaumu kwamba navunja ndoa ya mwenzangu.

Mama, nifanye nini ili kijiti kibaki? Ni kweli kwamba mwanamke aliyeolewa lazima mumewe akubali? Na hiyo damu, wanaosema inaharibu kizazi wanasema kweli?

Mimi Dada Mkubwa, Mbagala.

*

Marahaba, mwanangu.

Usimalize kusoma kwanza. Mpigie mdogo wako sasa hivi, umwambie asimruhusu mtu yeyote kuugusa ule mkono kwa wembe. Ukishampata, rudi tuongee.

Kijiti kile ni kidogo kama njiti ya kiberiti, kina urefu wa sentimita 4. Kikiwekwa vizuri kinakaa chini tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, lakini hapo karibu panapita mishipa ya damu na ya fahamu. Mtu anayechokoa bila ganzi wala ujuzi anaweza kukikata katikati, au akakisukuma ndani zaidi, na hapo ndipo kazi ya dakika chache inapogeuka kuwa upasuaji wa hospitali kubwa. Sijataja pepopunda, wala wembe uliopita kwa watu wengine. Kwa fundi wake ni jambo jepesi. Anachoma ganzi, anachana kidogo sana mahali kijiti kinapoishia, anakisukuma kwa kidole mpaka kichwa chake kichungulie, anakivuta kwa koleo, anafunga bandeji. Hakuna nyuzi. Nimevitoa vingi katika miaka yangu ya ukunga, na mara nyingi mama alikuwa anauliza "unaanza lini?" wakati mimi nimeshamaliza.

Sasa maswali yako. La mume kukubali nalijibu kwa neno moja: hapana. Kwa sindano, vidonge, kijiti au kitanzi, anayeamua ni mwanamke mwenyewe baada ya kuelezwa. Miongozo ya uzazi wa mpango ya nchi yetu haimtaki mtoa huduma adai ruhusa ya mume. Yule aliyemuuliza mdogo wako "mumeo anajua?" mbele ya foleni alikosea mara mbili, kwa kuuliza kama vile ni sharti, na kwa kuuliza hadharani. Linaniuma jambo hili kwa sababu nalijua linavyotokea. Mtoa huduma wa kijijini naye ni jirani. Anaishi pale, anaogopa siku moja mume atakuja kumgongea mlango kumuuliza kwa nini amempa mkewe dawa. Kwa hiyo anajikinga kwa swali, na anayelipa ni mama aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni.

Watu wanapoongelea wanawake wa vijijini huwa wanasema "hawana elimu ya uzazi." Mdogo wako alikuwa na elimu tele. Alijua njia, alijua tarehe, alitembea, alidanganya nyumbani ili aipate. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022 uliwakuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa kuwa asilimia 31, na wengine asilimia 21 walitaka kupumzika au kuacha kuzaa lakini hawakuwa wanatumia njia yoyote. Mdogo wako alikuwa kwenye kundi la kwanza mpaka Aprili 2024, akaangukia la pili bila kubadili nia hata kidogo. Yaliyombadilishia kundi ni maji ya mto na kabati la dawa lililokuwa tupu. Utafiti huo huo ulikuta wastani wa watoto kwa mwanamke wa kijijini ni 5.5, na wa mjini ni 3.6. Nikiziona tarakimu hizi nawaona akina mama wale wa wilaya ya Kigamboni, kule Kimbiji na Pembamnazi, maana watu wakisikia Dar es Salaam wanadhani ni lami tupu. Ndani ya mkoa huu huu kuna mama anayepoteza siku nzima kufuata sindano.

Wanaokusoma nao wana tarehe zao, kwa hiyo niseme hili: sindano ile ya miezi 3 inaweza kuwahiwa hadi wiki 2 kabla ya tarehe, na aliyechelewa hadi wiki 4 bado anaweza kuchomwa. Ukiona wingu la masika linakusanyika na wewe unaishi ng'ambo ya mto, usingoje tarehe, wahi. Na ukichelewa usijifungie ndani ukidhani huduma imekupita. Septemba 2018, matangazo ya uzazi wa mpango yaliposimamishwa redioni na kwenye televisheni, nilikuwa bado kazini, na walikuja akina mama wakanong'ona kuuliza kama na sindano zimekatazwa. Yalisimamishwa matangazo tu, huduma ilikuwepo. Lakini fikiria wangapi hawakuja kuuliza.

Tuje kwenye damu. Haiharibu kizazi, haikusanyiki popote, na kijiti kilichowekwa vizuri hakitembei kwenda moyoni kama wanavyosimulia. Dawa iliyomo inafanya ukuta wa ndani wa kizazi uwe mwembamba, na kwa wanawake wengi ukuta huo unavuja matone bila mpangilio, hasa mwaka wa kwanza. Wengine ndiyo hawaoni siku zao kabisa. Aliyemwekea alipaswa kumweleza haya kabla hajainua mkono, na kumwambia arudi yakimsumbua, kwa sababu tiba ipo. Kuna dawa za kutuliza maumivu za siku chache ambazo hupunguza matone, na kuna vidonge vya uzazi wa mpango vya mzunguko mmoja, ambavyo mtoa huduma atavipima kwa kuangalia kwamba ananyonyesha na hali ya presha yake. Asinunue mwenyewe duka la dawa. Ninachotaka zaidi ni apimwe wingi wa damu. Viganja vyeupe na kushika ukuta ulikuwa umeviona tangu Aprili, na mtu aliyepungukiwa damu hata matone ni mengi kwake. Akiona damu imegeuka kuwa nyingi ya kulowesha kitambaa baada ya kitambaa, au tumbo la chini linamkata, hiyo si ya kusubiri mwezi uandame wala nauli ipatikane.

Umeandika kwamba haswali na mumewe hamkaribii. Watu wa afya huwa tunaliruka jambo hili, tunaandika kwenye kadi "matone, kawaida" na kuita mwingine. Kwa mwanamke wa pwani si kawaida hata kidogo. Ni miezi bila swala, ni kitanda kilichopoa, na Ramadhani haiko mbali. Mimi si shekhe, lakini nimekaa na masheikh mara nyingi kwa ajili ya wateja wangu. Wanatofautisha hedhi na damu ya istihadha, yaani inayotoka nje ya siku za hedhi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku pwani tunafuata, hedhi haizidi siku 15, na mwenye istihadha hujisafisha, hutawadha kwa kila swala akaswali, hufunga, wala mumewe hakatazwi kwake. Aende kwa shekhe wanayemwamini na hesabu ya siku zake kamili, zilizoandikwa, au amtume mtu. Huenda nusu ya ugomvi wa nyumba ile ikaishia hapo.

Kubemenda. Mama mkwe usimcheke. Wazee waliposema mtoto anabemendwa walikuwa wameona kitu cha kweli kwa macho yao: mama anashika mimba mtoto bado mchanga, ziwa linakatwa, mtoto anadhoofika. Wakawaweka mke na mume mbalimbali ili hilo lisitokee. Kijiti hakiharibu maziwa wala hakimdhuru anayenyonya. Mtoto wa miezi minane anatambaa, anatia kila kitu mdomoni, ameanza uji na maji, na anaishi delta kwenye mbu. Homa yake ilitaka kipimo cha malaria, na kuharisha kwake kulitaka maji ya ORS na vidonge vya zinki. Nyumba ile imeshazika mtoto kwa homa. Safari hii homa ikirudi apelekwe siku hiyo hiyo, mengine yabishaniwe baadaye. Lakini angalia: bibi anayeogopa mjukuu asibemendwe anataka mtoto anyonye mpaka ashibe ziwa. Na mdogo wako anataka hilo hilo. Surat Al-Baqarah, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kijiti kikitoka leo hana kinga yoyote. Mtoto ameshaanza kula, kwa hiyo kunyonyesha peke yake hakuzuii mimba tena. Anaweza kushika ndani ya mwezi. Mwambieni mama mkwe hivyo, kwa adabu, mumwulize yeye angependa iwe vipi.

Kuhusu shemeji yako, nimelisoma lile la kukaa barazani mpaka alfajiri mara tatu. Huyu hakuinua mkono. Aliumia. Kijijini kwake, mtu akiona mkewe ana kitu mwilini asichokijua, kilichowekwa Dar na ndugu zake, anasikia kwamba wameamua hawataki uzao wake. Naye ni mtu aliyezika mtoto. Mwanamume aliyezika mtoto huhesabu wanawe tofauti na wewe unavyowahesabu. Hakuna aliyemwambia kwamba kijiti kinatolewa siku yoyote na uzazi unarudi upesi. Sisi wenyewe tumemfukuza. Nenda kliniki ya mama na mtoto uone benchi lilivyo, mwanamume akiingia kila mtu anamgeukia kama amepotea njia, halafu tunalalamika kwamba wanaume hawashiriki.

Sikulaumu wewe kwa kumpeleka, ulimwona mwenzako akishika ukuta. Sijawahi kumlaumu mwanamke yeyote kwa kuficha. Chini ya meza yangu ya kliniki kulikuwa na boksi la viatu limejaa kadi za wanawake waliolazimika kuziacha kwetu. Mmoja alikuwa ananipa na kanga aliyokuja nayo, anabadilisha, ili akirudi aonekane ametoka sokoni. Lakini nilijifunza kwenye lile boksi kwamba siri ina gharama yake, nayo huja siku ya matatizo. Mwanamke mwenye siri hawezi kurudi kliniki matone yakimzidi, maana ataaga anakwenda wapi? Hawezi kuomba nauli. Anajitibu kwa jirani, na jirani ana wembe. Mdogo wako ameteseka miezi kadhaa na kitu chenye tiba kwa sababu ulimwambia avae mikono mirefu. Nakwambia kwa upendo, ili safari hii ufanye vingine.

Maana katika barua yako yote nimetafuta mahali mdogo wako anasema anataka nini, sikupaona. Mumewe anataka kitoke. Wewe unataka kibaki. Mama yenu anataka ndoa, mama mkwe anataka mtoto apone. Yeye analia kwenye simu. Siku ile kituoni, nani alimuuliza kati ya kijiti, sindano, kitanzi na vidonge angependa kipi? Unaniuliza ufanye nini ili kijiti kibaki. Siwezi kukujibu hivyo, mkono si wako. Ninachoweza ni kukusaidia apate nafasi ya kuamua akiwa hana wembe mbele yake wala tarehe ya kuandama kwa mwezi.

Anza kwa shemeji yako. Hapokei simu, basi mtumie mshenga, yule aliyeleta posa. Kila ndoa ya kwetu ina mshenga, na siku kama hizi ndizo kazi yake. Mpe maneno yako mwenyewe: "Shemeji, nilikutolea maneno mabaya, naomba radhi. Mdogo wangu ana damu isiyokata na nahofia afya yake. Naomba aje Dar, mje wote wawili ukiweza, aonwe. Wakisema kitoke kitatoka, na hutalipa." Usiombe radhi kwa kijiti, omba kwa ule ulimi wa "unazaa kwa mdomo". Muombe na mshenga amwambie lile la miaka miwili ya kunyonyesha na kwamba uzazi haujafungwa, kwa sababu akilisikia kwa mwanamume mwenzake atalisikia vizuri zaidi, ndivyo tulivyo. Wengi wakishajua kuna tarehe ya mwisho wanatulia. "Mpaka mtoto afikishe miaka miwili" ni jambo mwanamume anaweza kulibeba kijiweni kwake.

Nauli ndiyo kikwazo, umesema. Vitumbua vyako vitatoa ya kwake, wewe uliifanya safari ya kwanza. Kama haiwezekani, mwambie aulize kwa mhudumu wa afya wa jamii au zahanati siku ya huduma za mkoba, ile timu inayozunguka vijijini na vifaa vyake. Timu hizo mara nyingi huweka na kutoa. Hata hivyo kwa hali yake ya damu ningependa afike Dar, kwenye kile kituo kilichomwekea au hospitali ya wilaya yenu.

Akifika, muombe mtoa huduma akae naye peke yake kwanza, wewe ukiwa nje. Nje kabisa, si mlangoni. Akiamua abaki nacho na damu itibiwe, vizuri. Akiamua kitoke, kitolewe bila mtu kumsuta, na atoke mle ndani akiwa na njia nyingine siku hiyo hiyo, ajue na tarehe yake. Kitanzi cha shaba hakina dawa ya homoni na hakionekani mkononi, kinakaa miaka 10 na zaidi, ila hedhi yake inaweza kuongezeka, na kwa mtu aliyepungukiwa damu lazima waliangalie hilo kwanza. Sindano inafichika lakini ndiyo ile ile ya kufuata kila miezi 3 ng'ambo ya mto, na uzazi wake huchelewa kurudi kuliko wa kijiti, jambo ambalo mumewe anapaswa kulijua mapema. Vidonge vinataka kumezwa kila siku, atavificha wapi? Kondomu inamtaka mume mwenyewe. Hayo yote waulize wao, usimchagulie.

Na kama mumewe atabadilika, yule wa barazani akawa mwingine, akainua mkono au akamfungia ndani, hapo hatuongelei uzazi wa mpango tena. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia. Mlango wako uwe wazi kwake na kwa watoto wake wote wanne, usiku wowote. Mwambie hivyo waziwazi ajue, asikisie.

Mama yenu mzazi mkalishe umweleze haya taratibu, mwonyeshe na gazeti.

Akija, asisahau kadi aliyopewa siku ya kuwekewa, ina tarehe na aina ya kijiti, itawarahisishia kazi. Na aje na mtoto, apimwe uzito. Safari hii iwe kweli.